Mwewe Mmoja Aliyekula Kijiji Kizima

Sifa njema ni zake Mungu, aliyetupa ulimi wa kusema na kalamu ya kusema tusipokuwapo. Namshukuru kwa umri huu, na kwa macho ambayo bado yanasoma.

Juzi mjukuu wangu aliniletea insha yake niipitie. Jogoo amewika, jua limechomoza kama sinia ya dhahabu, na mwenda tezi amerejea ngamani, kumbe safari yenyewe ni ya kwenda dukani. Nilicheka, rafiki yangu, kisha kicheko kikanikauka. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa Kiswahili kule Nyeri, miaka ya mwanzo ya Uhuru.

Mimi nilitoka mtaa wa Waislamu mjini, ambako Kiswahili kilikuwa cha nyumbani, pamoja na harufu ya maandazi na sauti za watoto wa chuoni wakisoma Kurani. Wenzangu wengi walishuka kutoka vilimani, miguu imejaa udongo mwekundu, na Kiswahili walikikuta shuleni. Kwa ajili yao mwalimu alituandikia pembeni mwa ubao sifa za insha bora: methali, tashbihi, mwanzo wa kuvutia, sarufi safi. Hakuna aliyethubutu kuyafuta maandishi hayo.

Mbele yangu aliketi msichana aliyelelewa na nyanya yake mchuma kahawa. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba atakayeanguka insha atarudia darasa. Nyanya naye alikuja shuleni akasema mbele yetu, "Huyu harudii. Akianguka, ataenda kwa shangazi yake kule Kangari, achume majani chai. Mimi nimechoka."

Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza, mke wa mwalimu alifariki. Mwalimu mkuu akaifanya huzuni hiyo kuwa mada ya mtihani: tumwandikie mwalimu wetu pole. Akasahihisha mwenyewe. Msichana yule alianguka.

Mwalimu aliporudi kutoka matangani, mashavu yamebonyea, alizikuta karatasi mezani. "Leo tutachambua," alisema, "kama mama zenu wanavyochambua maharagwe kabla ya kuyainjika." Akasoma iliyoongoza: kifo hakina huruma, humnyakua mja kama mwewe anyakuavyo kifaranga. Akasoma ya pili, mwewe yuleyule. Ya tatu, mwewe.

"Mwewe huyu mmoja," akasema, "amekula kijiji kizima."

Kisha akachukua ya msichana. "Bibi ya Mwarimu arinipa uji siku ya mvua. Kikombe yake ilikuwa na ufa. Akaniambia nikunywe upande huu, nisikatwe mdomo."

"Arinipa!" darasa likapasuka. "Ati kikombe yake!"

Mwalimu alingoja tunyamaze. "Makosa ni mawe. Yatupeni kando. Kimebaki nini?"

"Uji, Mwalimu," mmoja akajibu, tukacheka tena.

"Na nani?"

Akaiinua karatasi juu.

"Mke wangu," akasema. "Kwenye karatasi zingine zote hayumo."

Alitoka nayo mkononi hadi kwa mwalimu mkuu, na kwa kuwa ukuta ulikuwa wa mbao, tulisikia. Alimsihi ampandishe yule mtoto darasa. Mwalimu mkuu hakupandisha sauti. "Sifa za insha bora umeziandika wewe, Mwalimu. Mimi nimefuata ubao wako." Mwalimu alirudi akafuta ile pembe ya ubao kwa kiganja, chaki ikamwingia mkononi mwa koti la matanga. Lakini matokeo yalikuwa yamekwisha kusomwa.

Siku ya kuondoka msichana alikuja kuaga, mzigo wake umefungwa kwa leso.

"Mwarimu, naenda."

"Uwe unaandika, mwanangu."

"Nitaandikia nani?"

Msichana akainua mzigo wake, akatoka. Tulisikia mvua tu juu ya mabati.

Nilipata habari, miaka mingi baadaye, kwamba kikohozi kilimchukua hukohuko Kangari, akiwa bado kijana. Mwalimu naye ametangulia. Kahawa iliyokuwa nyuma ya shule imeng'olewa, pamejengwa nyumba za kupanga, na wapangaji hawajui kwamba watoto walipita hapo wakikariri methali kwa sauti. Sijui kaburi la msichana liko wapi, na sidhani yuko aliyebaki wa kulijua.

Nawe uliyevumilia kunisoma mpaka hapa, Mungu akupe afya na riziki ya halali. Na siku kila mtu atakapokabidhiwa kitabu chake, chako Mungu akakisome kwa huruma. Amina.