Gunia Lililofungwa Mkanda

Asubuhi ile ya ajali, mama yangu alilifunga gunia la ndengu mkanda wa gari kabla ya kujifunga wake mwenyewe.

Tulikuwa uani kwake, kusini mwa Kitui, nami nilikuwa nimeshaanza kukasirika. Nafundisha hesabu katika shule moja ya upili mjini Wote, na hasira zangu huamka mapema kuliko mimi. Nilitaka gunia liende kwenye buti. Mama akakataa. Buti, alisema, ni mahali pa jeki na gurudumu la akiba, si mahali pa chakula. Basi gunia likasimamishwa kwenye kiti cha nyuma, naye akaketi kando yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa hospitalini.

Lilikuwa likienda kwa dada yake mdogo aliyeolewa Nunguni, juu milimani upande wa Makueni, ambako baridi haiipendi ndengu. Tangu nilipokuwa mtoto, kila tukivuna, ndengu zetu hupanda kwenda Nunguni, na viazi na kabeji hushuka kuja kwetu. Hakuna anayepima wala anayeuliza nani amezidishiwa.

"Kwani Nunguni hakuna maduka, mwaitu?" nilimuuliza mama nikiwasha gari.

"Ndengu ya duka haina mwenyewe," akanijibu, akafumba macho kuonyesha kwamba mazungumzo yameisha.

Tulipofika Kibwezi alikuwa amelala, kichwa chake kimeegemea gunia. Tuliingia barabara ya Mombasa, tukapita Makindu. Karibu na Kiboko, mahali nyani hukaa kando ya lami wakingoja maganda ya ndizi, gurudumu la trela lililokuwa mbele yetu lilipasuka, na kipande kikubwa cha mpira kikaruka kikatua katikati ya njia. Nilikikwepa. Gari likaacha lami, likabingirika, likasimama tena kwa magurudumu yake kwenye vumbi. Sikumbuki kupiga kelele. Nakumbuka sauti ya ndengu zikimwagika, kama mvua inapoanza kwenye mabati.

Walitutoa watu waliokuwa karibu. Mimi nilipasuka kidogo kwenye paji la uso. Mama alitokea dirishani, ndengu zimejaa kwenye nywele, masikioni, ndani ya kola ya gauni. Hakuwa na jeraha ila alama ya mkanda kifuani. Aliligeukia gari, akalitazama, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Aiya, gunia imepasuka." Kisha akaanza kuomba, na maombi yalikuwa marefu hata polisi aliyefika alivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

Gari lilivutwa hadi kwenye yadi ya kituo cha polisi. Kila aliyelipitia aliuliza swali moja tu: nani alikufa hapa?

Ajali haina kinga, walisema wahenga, lakini siku hizi ina fomu. Ajenti aliyeniuzia bima alinipigia simu tuijaze pamoja.

"Gari ilikuwa imebeba nini?"

"Mama yangu."

"Na nini ingine?"

"Gunia ya ndengu."

"Mwalimu, hiyo gunia mimi sijaisikia."

Akanieleza taratibu, kwa sauti ya mtu anayekutakia mema. Bima yangu ilikuwa ya gari la matumizi ya nyumbani. Wakuu wake wakisikia gunia watasema nilikuwa nafanya biashara ya kubeba mizigo, na madai yangu yatatupwa. Mkaguzi wa bima akija, asikie watu wawili na basi.

Nilimwelewa vizuri sana. Kile kigari ndicho kilichoniwezesha kuvuka mto Athi kila Jumamosi kwenda kwa mama, ambaye amekaa peke yake tangu baba aondoke duniani. Magari yameacha kupita kijijini kwao kwa utaratibu wowote ninaoweza kuuita ratiba. Wasingenilipa, nisingekuwa na uwezo wa kununua jingine, na mama angekuwa akiniona Krismasi tu. Kwa hivyo nilimketisha jikoni kwake, nikamwambia akiulizwa aseme hatukuwa na mzigo.

"Njia ya mwongo ni fupi, mwiitu wakwa, binti yangu," alisema akichochea moto. "Na yangu tayari imebaki kidogo."

Sikubishana. Nilipanga tu kwenda yadi mapema, nilitoe lile gunia lililoraruka, nizifagie ndengu, na mkaguzi akute gari safi, au safi kadiri gari lililobondeka linavyoweza kuwa. Lakini mitihani ya wanafunzi ikanishika, na baada ya mitihani ikaja mvua. Mwaka ule ilinyesha kama iliyokuwa na deni. Siku mkaguzi aliposema anakuja, nilitangulia asubuhi na mama, ambaye alikataa katakata kubaki nyumbani, na mkononi nilikuwa na ufagio.

Polisi wa langoni aliutazama ufagio akacheka. "Mwalimu, ungekuja na jembe."

Sikumwelewa mpaka nilipolizunguka jengo la kituo.

Kioo cha mbele hakikuwepo, vya nyuma vilikuwa vimevunjika, na mvua ilikuwa imeingia ilivyotaka. Ndani ya gari langu ndengu zilikuwa zimeota. Hazikuwa mbili tatu. Zilitoka kwenye kapeti, kwenye mishono ya viti, kwenye mfuko wa mlango nilimokuwa nikiweka risiti, kwenye matundu ya spika. Moja ilikuwa imepanda kwenye usukani na kuchungulia nje. Palipokuwa na gunia zilisongamana, majani mapana mabichi, yanatikisika kidogo kwa upepo. Chuma chote kile kilichokunjamana, kutu imeshaanza, na ndani yake shamba.

Nilisimama na ufagio wangu. Huwezi kufagia shamba.

"Ngai ni museo, Mungu ni mwema," mama alisema polepole. Aliingiza mkono dirishani, akashika jani moja kwa vidole viwili, akaligeuza kutazama chini yake kama afanyavyo shambani kwake akitafuta wadudu. "Hizi zimeshika kuliko zangu."

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye viatu vilivyojua matope. Alilizunguka gari mara kadhaa akipiga picha.

"Hii haitengenezeki. Ni raitofu," alisema mwishowe. "Poleni sana. Nani alikufa?"

"Hakuna," nikasema.

"Hakuna?" Alinitazama, akamtazama mama, akalitazama paa. Kisha akavuta mlango wa nyuma kwa nguvu, ukafunguka, akarudi hatua moja. "Na hii ni nini?"

"Ndengu," akasema mama.

"Hiyo naona, mama. Mimi ni mtu wa Mwingi, kwetu tunapanda hizi." Akatoa kalamu. "Mlikuwa watu wangapi ndani?"

"Wawili," nikawahi. "Mimi nikiendesha, na mama."

"Watatu," akasema mama.

Mkaguzi aliinua kichwa. Mimi nilikuwa naangalia viatu vyangu.

"Huyo wa tatu ako wapi?"

"Si huyo hapo," mama akanyoosha kidole. "Ameota."

Sijui kama mtu yule alikuwa amewahi kujibiwa hivyo kazini. Aliinama, akatenganisha majani, akatafuta kwa mkono, akainua kitu. Ulikuwa mkanda wa gari, kifungo chake bado kimeshika, umezunguka vipande vya gunia vilivyooza.

"Hii gunia ilikuwa inapelekwa sokoni?"

"Inapelekwa kwa dada yangu. Nunguni."

"Na yeye anakulipa?"

"Ananipatia viazi. Na kabeji, kama mwaka ni mzuri."

Nilifumba macho. Niliiona bima yangu ikiondoka kama basi lililokwisha kujaa.

"Kwa hivyo mnauziana," alisema mkaguzi, lakini aliisema kama swali.

"Mwanangu," mama alimwambia, "ukienda kwa dada yako akupatie chai, na wewe ulikuwa umebeba sukari, mmeuziana?"

Mkaguzi alilitazama paa tena, kisha akamwomba mama, kwa heshima, kama hataumia, amwonyeshe alikuwa ameketi vipi. Nilitaka kukataa. Mama alikuwa ameshainua gauni kidogo na kuingia.

Aliketi katikati ya miche akiisukuma kando kwa upole ili asiivunje. Alisema alikuwa amelala hivi. Akalaza kichwa upande, hewani, mahali ambapo gunia halikuwepo tena.

Hapo ndipo nilipoona. Siku ya ajali sikuwa nimetazama. Nilikuwa nafuta damu machoni na kutafuta simu. Paa lote la nyuma lilikuwa limeshuka. Upande wa pili wa kiti lilikuwa limefika karibu na pa kukalia. Ila mahali pamoja halikushuka. Pale liliinuka kama turubai juu ya mti uliosimamishwa, na mti wenyewe ulikuwa gunia. Ndani ya nafasi ile ndogo ndimo kilimokuwa kichwa cha mama yangu. Mkaguzi aliingiza mkono wake kati ya kilemba cha mama na chuma. Kiliingia kiganja kimoja kilicholala, na hapakubaki nafasi ya kingine.

Hakuutoa upesi. "Kama si hii gunia..." alisema, akaacha hapo.

Mimi si mtu wa miujiza. Kanisani kwetu neno hilo hutumiwa hata mtu akirudishiwa chenji kamili. Nimefundisha pembe na vimo miaka mingi, na niliposimama pale nilijaribu kuipima ile nafasi kwa macho, kama nilivyozoea, nikashindwa. Niliogopa ajali ile siku hiyo kuliko siku yenyewe. Mama yangu alikuwa hai, amekaa ndani ya majani mabichi, ananitazama kwa mshangao kwa sababu nilikuwa nalia, na kilichomshikia paa ni kitu nilichotaka kukitupa kwenye buti, kisha nikaja na ufagio kukificha.

Mkaguzi alikuwa bado ameshika kalamu. "Niandike wangapi, mwalimu?"

"Andika watatu," nikasema.

Akaandika.

Walinipigia simu kutoka ofisini kwao kuuliza habari za gunia, zaidi ya mara moja, nami niliwaeleza vile vile: ni la mama mdogo, hapana, hatuuzi, ndiyo, kuna viazi. Ajenti aliacha kunisalimia kwa muda. Mwishowe walilipa. Mabaki ya gari yakawa mali yao, na lori likaja kuyachukua. Nilimuuliza mama kama tung'oe ile miche kwanza. Alisema tuiache iende. Ilikuwa imeanza kutoa maua.

Kabla sijapata gari jingine, tulipeleka gunia la pili Nunguni kwa basi. Kondakta alilitazama, akaonyesha nyuma kwa kidole gumba. "Mzigo iende buti, mathe."

Mama alimpa nauli ya viti vitatu. Kondakta alihesabu, akatuhesabu sisi, akahesabu pesa tena.

"Hii kiti ingine ni ya nani?"

Mama alikuwa ameshaketi dirishani, gunia kando yake, anautafuta mkanda ulioingia chini ya kiti. Nikainama nikautoa, nikalifunga gunia mimi mwenyewe, na nikauvuta kwa nguvu kuhakikisha umeshika.