Hati Iliyofungiwa Kabatini

Fundi Funguo alitafutwa na dola kwa miaka kumi na tisa, ingawa dola yenyewe haikuonekana kuhangaika sana. Kosa lake lilikuwa kuweka meza ya kuchongea funguo kwenye njia ya waendao kwa miguu, ikavuka mpaka kwa hatua moja na nusu. Askari wa manispaa alimwandikia wito, akamwambia afike mahakamani Jumanne, saa tatu asubuhi.

Alifika saa mbili, shati limepigwa pasi. Alikaa kwenye benchi la ukumbini na mfuko wake wa vifaa mapajani, kwa kuwa bila bisibisi karibu hujiona yuko uchi. Ilipokaribia saa tatu karani wa kike akapita, akauona mfuko.

"Wewe ni fundi? Hebu njoo mara moja, kabati la masijala linakataa kufunga."

Mara moja hiyo ilichukua nusu saa. Aliporudi, jina lake lilikuwa limeshaitwa mara tatu na hakimu ameshaandika: mshtakiwa hayupo, akamatwe. Mtu mwingine angegonga mlango akajieleza. Fundi alibeba mfuko wake, akashuka ngazi mbilimbili na kutokomea.

Ushauri wa sheria aliupata kwa kinyozi, ambaye alimwambia, wembe ukiwa shingoni, kwamba kosa dogo kama hilo linakufa lenyewe baada ya mwaka. Fundi akahesabu mwaka. Ulipoisha, muuza magazeti akasema si mmoja, ni mitatu. Ilipoisha mitatu, mteja aliyewahi kusomea sheria kwa muhula mmoja akataja saba. Fundi si mtu wa kubishana na wasomi. Akahesabu saba, halafu akaongeza mingine ya tahadhari.

Katika muda huo alijifuta kwenye makaratasi yote. Nyumba waliyopanga ilikuwa kwa jina la mkewe, mita ya maji vilevile. Kwenye fomu za shule za binti yao, mahali pa jina la baba, mama mtu aliandika kwa mwandiko mzuri: hayupo. Fundi alikuwa ameketi pembeni yake, anakunywa chai. Siku za wazazi alimsindikiza mtoto hadi getini, kisha akajifanya mpita njia. Walimu walimhurumia mtoto yule kwa kukosa baba. Mengi katika habari hii yanachekesha, lakini hilo mimi sijaweza kulicheka.

Binti akakua, akawa muuguzi, akapata mchumba. Ndoa ingefungwa Ijumaa kwa msajili, na ofisi ya msajili iko ghorofa ya chini ya jengo la mahakama ileile. Jumatatu jioni alikuja na fomu, akaitandaza juu ya meza ya kazi, kando ya jiliwa la kubania funguo.

"Baba, kuna mstari wako hapa. Na unatakiwa uje usaini mwenyewe. Niandike nini?"

"Andika kama siku zote."

"Siku zote nilikuwa mtoto. Ijumaa nikisimama pale sina baba, na wewe umejificha kwa kinyozi, sitakusamehe. Nakwambia mapema ili usije ukashangaa."

Fundi aliendelea kupiga tupa ufunguo mmoja mpaka ukaisha meno.

Kesho yake, Jumanne, saa mbili, alikuwa mahakamani. Karani alikuwa yuleyule, sasa ana miwani na miezi michache tu kabla ya kustaafu.

"Nilikuwa na kesi ndogo," Fundi akasema. "Nadhani imeshakufa."

"Nani kakwambia?"

"Kinyozi."

Karani akalitafuta jina lake kwenye daftari la kesi, kisha akavua miwani. "Sikiliza, mzee wangu. Ule ukomo wa muda unaibana serikali katika kufungua kesi. Ikichelewa kufungua, imekosa. Yako ilifunguliwa wiki ileile. Ikishafunguliwa, hakuna tena cha kuhesabu. Na hati ya kukamata haiozi. Inakaa mpaka ukamatwe au mahakama iifute."

"Hata miaka kumi na tisa?"

"Hata uzeeke nayo. Ila ukijileta mwenyewe, unaingia kwa hakimu, unaeleza kwa nini hukufika. Kwa kosa kama lako watu wanamaliza kabla ya chai ya saa nne." Akavaa miwani. "Tatizo ni faili. Limo kwenye kabati lile, na kitasa kimegoma tangu mwezi uliopita. Tumeomba fundi."

Wakatazamana. Fundi akautua mfuko wake, na hivyo mtu mwenye hati ya kukamatwa akakabidhiwa kabati lililokuwa na hati hiyo.

Ana desturi moja katika kazi. Kila kitasa anachokifungua, ndani ya kifuniko huchonga tarehe na ufunguo mdogo, ili kikirudi kimeharibika ajue wa kulaumiwa ni yeye au ni mwenye mlango. Alipolifungua kabati na kukibandua kifuniko cha kitasa, akaiona alama yake na tarehe yake. Karani akainama, akaisoma, akalichomoa faili, akasoma tena.

"Mbona hii ni siku ya wito wako?"

Hakimu alikuwa kijana ambaye siku ya kosa huenda alikuwa darasa la pili. Alikigeuzageuza kile kifuniko.

"Jina lako lilipoitwa ulikuwa wapi?"

"Mlango wa tatu kushoto, Mheshimiwa. Natengeneza kabati lenu."

Mwendesha mashtaka akaomba kuiondoa kesi. Hati ikafutwa. Shughuli yote ilichukua dakika nne.

"Ungegonga mlango siku ileile," hakimu akasema kwa upole, "ingekuwa hivihivi."

"Ndiyo, Mheshimiwa," Fundi akajibu. Alipofika kwenye ngazi akakaa chini, akalia kwa uchungu mkubwa, watu wakimpita kushoto na kulia.

Ijumaa msajili aliinua macho kutoka kwenye fomu. "Baba wa bibi harusi yupo?"

"Nipo!" Fundi akaitika kwa sauti ambayo bila shaka ilifika ghorofa ya juu. Alikuwa amesimama karibu na binti yake kiasi cha kulikanyaga gauni.

Akapewa kalamu. Hakuwa ametia saini popote tangu binti huyo akiwa wa kubebwa, na mkono haukukumbuka saini yenyewe ilivyokuwa. Akafikiri kidogo, akaandika tarehe, kando yake akachora ufunguo mdogo.

"Hii ndiyo saini?" msajili akauliza.

"Ndiyo," akasema binti. "Ni ya baba yangu."