Mteja wa Siku Zote

"Pale mimi sisomi menyu," Fundi Sponji alitangaza mbele ya foleni nzima ya watu waliokuja kuchukua nguo zao kwa dobi. "Menyu ndiyo inayonisoma mimi."

Pale kwenyewe ni mkahawa wa sandwichi ulio mkabala na posta, mkongwe kuliko posta yenyewe. Watu wa mtaa ule huupita kila siku wakinusa mkate wa moto bila kuingia, kama mtu anavyopita mbele ya benki. Siku hiyo mmoja kwenye foleni alisema amesikia kuwa wahudumu wa pale wanawajua wateja wao tangu kwa babu zao. Sponji akadakia. Kinywa chake hakijawahi kupewa likizo.

Yeye ni fundi wa makochi. Karakana yake imejaa sponji, vitambaa na viti vyenye miguu mitatu vinavyosubiri wa nne, na akifanya kazi huibana misumari midogo kati ya midomo. Wateja wenye busara humwendea saa hizo, kwa sababu ndizo saa pekee anazonyamaza. Misumari ikiisha, hadithi zinaanza: kiti cha waziri kakishona yeye, na tetemeko la mwaka ule lilimkuta amelala, akalala zaidi. Hakuna anayemwamini, wala hakuna anayemchukia. Uongo wake ulikuwa kama paka wa jirani: unaingia, unatoka, haujamla mtu.

Shida ni kwamba Sponji, mgane ambaye watoto wake wameshahama na kumwachia sufuria kubwa kuliko shida zake, alikuwa amempenda dobi. Alimpenda hadi akawa anampelekea mashati safi ayafue. Na dobi alikuwa na jeraha lake. Mume wake wa zamani alikuwa mtu wa "safari za kikazi", mpaka siku dobi alipomkuta sokoni akimchagulia mke mwingine vitunguu. Tangu hapo ana msemo mmoja, humwambia kila mwanaume anayeegemea meza yake ya kupigia pasi: "Mwizi ana polisi wake. Mwongo nani atamkamata?"

Basi Sponji alipomaliza kujigamba, dobi aliisimamisha pasi.

"Fundi, kumbe wewe mtu mkubwa hivyo?"

"Kawaida tu, bibie."

"Basi nipeleke. Jumamosi, mchana."

Foleni ikapiga vigelegele. Sponji akacheka meno yote nje, na moyo ukamshuka hadi kwenye soksi. Katika mkahawa ule alikuwa hajawahi kukanyaga hata kizingiti. Lakini alishaamua kwamba siku ya kumposa mwanamke huyu ikifika, hataiacha ipite, na sasa imejileta yenyewe. Akighairi ni mwongo. Akienda na kubainika, ni mwongo aliyevaa koti.

Jumamosi akavaa koti.

Alipofika mlangoni aliusukuma. Haukwenda. Akauwekea bega, kama anayepandisha kochi ghorofani. Dobi akanyoosha mkono wake, akauvuta, ukafunguka.

"Wameubadilisha," alisema Sponji.

Ndani, vigae vyeusi na vyeupe vilikuwa vimelika kwa kukanyagwa, vikaacha kijia toka mlangoni hadi kaunta. Mashine ya kukatia nyama, yenye gurudumu la chuma la kuzungusha kwa mkono, ililia kama mtoto anayeogeshwa. Ukutani walining'inia pichani wenye mkahawa waliotangulia mbele ya haki, kila mmoja mnene kuliko aliyemtangulia. Sponji alikikagua kiti kwa jicho la kazi, akaona ngozi imepigiliwa kizembe, akapata nguvu kidogo.

Mhudumu akaja: mzee mwenye koti jeupe, vifungo vya shaba, na uso kama mlango uliofungwa.

"Karibuni. Niwaletee nini?"

Sponji hata hakumtazama. "Kama kawaida."

Mzee alimkagua kuanzia kola hadi viatu, muda wa kutosha mtu kuliona kaburi lake na waliohudhuria mazishi.

"Kama kawaida," akaitikia. "Na haradali nyingi, kama unavyopenda, bosi."

Sponji nusura aanguke. Alijikaza, akamgeukia dobi kama mwenye nyumba. "Umeona?"

"Nimeona," alisema dobi.

Sandwichi zikaja, ndefu kwenda juu: nyama imepangwa tabaka kwa tabaka kama nguo kabatini, jibini, matango ya siki, na haradali ikichuruzika pembeni. Sponji alipanua kinywa, na kwa kinywa kile haikuwa kazi, akauma. Haradali ikapanda puani, ikagonga ubongo, ikatokea machoni.

"Unalia, Fundi?"

"Nakumbuka mbali."

Mhudumu akarudi na maji bila kuitwa. "Bosi, na yule shemeji yetu hajambo?"

"Shemeji yupi?"

"Yule wa kila Jumatano. Mrefu, mwenye kilemba cha njano. Unayekula naye sahani moja na kulishana."

Dobi akaiweka sandwichi yake chini.

Hapo Sponji alihisi kiti kinamtafuna. Akisema hamjui mwanamke huyo, ataulizwa mhudumu wake wa siku zote amekosea vipi. Akisema anamjua, yamekwisha. Akajaribu kupita katikati, mahali ambapo hakukuwa na njia.

"Jumatano mimi nakuwa karakana. Mzee amenifananisha."

"Haradali yako hajaifananisha," alisema dobi.

"Bosi namjua kama kidole changu hiki," mhudumu akaongeza, akakionyesha.

Dobi hakupandisha sauti. Alijifuta mikono, akakikunja kitambaa cha mezani mara nne, mikunjo imenyooka kama ya pasi, akachukua mkoba wake na kusimama.

Sponji naye akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mimi sijawahi kuingia humu!" Mashine ya kukatia nyama ikanyamaza. Watu wakageuka na mashavu yamejaa. "Sijawahi! Mlango nimeusukuma kwa kuwa sikujua unavutwa. Haradali ndiyo naionja leo, na imeniunguza mpaka kwenye visogo vya mababu zangu. Kila siku napita hapo nje nanusa, basi! Huyu mzee simjui, kilemba sikijui, na kiti cha waziri sikukishona mimi!"

"La waziri hatujauliza," alisema dobi, akaketi. Kisha akamgeukia mhudumu. "Asante, mzee wangu. Mwache sasa apumue."

Mhudumu akainama kidogo. Ule uso uliofungwa ukafunguka kwa mara ya kwanza. "Utuwie radhi, bosi. Makoti yetu yote anayafua huyu mama. Alikuja juzi akaniagiza nikupokee kama mteja wa siku zote, kisha nikuulize habari za shemeji."

"Na kilemba cha njano?" Sponji aliuliza, sauti imebaki nusu.

"Kilemba niliongeza mwenyewe," alisema mzee kwa fahari ya msanii, akaenda zake.

Dobi alisubiri mashine ianze tena kulia ndipo akasema.

"Yule wangu wa zamani nilimuuliza kuhusu mama wa vitunguu. Akasema ni dada yake. Akanitajia hadi jina la shangazi aliyewalea. Nilitaka kujua wewe ukibanwa utatupa nini, mimi au sifa."

"Nimetupa sifa."

"Nimesikia. Mtaa mzima utasikia, maana nitausimulia mwenyewe. Haya, sema ulilokuja kusema. Koti hilo hukulivalia nyama."

Sponji akaokota kiti, akaketi ukingoni. "Nataka unioe," alisema. "Yaani mimi. Nikuoe. Ukipenda."

Dobi alitafuna taratibu, akameza, akanywa maji.

"Jumapili njoo kwa kaka yangu, useme hivyohivyo. Njoo mwenyewe, usitume mtu. Na usithubutu kumwambia kwamba mnajuana."

Akamwita mhudumu, akaagiza sandwichi moja ya kufungasha ya huyo kaka. Sponji akaingiza mkono mfukoni.

Ya kufungasha peke yake ilikuwa shilingi elfu tisa na mia tano, akalipa bila kudai kwamba bei aliijua.