Nyuso Zilizopauka

Mtaa mzima ulimwita Fundi Picha. Alichapa picha za watu chumbani kwake, na kwa miaka ishirini hakuna mteja aliyerudisha hata moja. Kisha mwezi mmoja nyuso zikaanza kumtoka zimepauka. Alisafisha printa, akabadilisha wino, akapima rangi za skrini kwa kifaa chake. Kifaa kikaonyesha kwamba skrini ni nzima, lakini hakukiamini. Akaongeza wekundu kidogo kidogo mpaka picha ya bibi harusi mmoja ikamridhisha, akamwita mkewe.

"Hii sasa imekaa sawa, siyo?"

"Baba watoto, huyu mwana wa watu amekuwa mwekundu kama tofali."

"Na ile ya kwanza?"

"Ile haikuwa na kasoro. Nilikuona unavyohangaika, nikashindwa kusema."

Daktari wa macho alimweleza kwamba mshipa wa kuonea unakufa, na dawa hakuna. Zingeanza kupotea rangi, kisha na mengine yote.

Bibi harusi alipofuata picha zake, mke wa Fundi alimpa zile za kwanza. Fundi alibaki chumbani, mlango umerudishwa, akisikia zinavyosifiwa sebuleni. Hakutoka kuaga.