Mvua Juu ya Bati

Juzi nilimpelekea mjukuu wangu daftari alilosahau, kule shule yao mpya ya Ushongo. Mvua ikanikuta darasani, mwalimu akaniambia, "Bibi, kaa hadi ikatike." Nikakaa deski la nyuma kabisa, mwenzangu, nikangoja kelele za mvua juu ya bati. Hazikuja. Mwalimu akaendelea kusoma kwa sauti ileile, nami kule nyuma nikasikia kila neno. Wivu ukanishika.

Shule yetu sisi ilikuwa bati tupu. Kiangazi tukiiva humo kama mikate ya mofa. Masika ndiyo usiseme: mvua ikianza, mwalimu anafungua mdomo na kuufunga kama samaki, husikii kitu. Majina aliyaita asubuhi kabla haijanyesha, ndiyo maana ninayo mpaka leo: Saumu, Mbaruku, Mwanaidi, Hatibu, Zuhura, Bakari. Herufi zilizofuata zilikwenda na maji.

Saumu alikaa mbele, akasikia. Nikimwuliza ananibinulia mdomo: "Masikio umeyaacha kwenu?" Siku moja nikalimwagia benchi lake upupu. Alijikuna akilia, na mwalimu akanifukuza wiki nzima. Mama akanitupia rundo la makuti uani. "Shule umeiona. Kaa ushone."

Wiki ile haijaisha hadi leo. Saumu akawa mwalimu, mimi mshona makuti.

Alipokuja kijana mchora ramani wa shule hii, alituamkia shikamoo wazee wote, akauliza kule shule yetu ya zamani nini kilitushinda. Wenzangu wakasema joto. Akayageuza madirisha yaelekee upepo wa bahari. Mimi nikamwambia, "Mwanangu, bati lina kelele. Livike makuti." Akacheka, kisha akaandika. Makuti yale nimeyashona mimi na binti zangu.

Basi nikamtazama mjukuu wangu akiandika anachosikia, mvua inanyesha, nikamwonea wivu uleule niliomwonea Saumu. Saumu mwenyewe ni marehemu, na ile shule yetu imebaki msingi tu kwenye majani. Sina tena wa kumwuliza mwalimu alisema nini.

Mtoto akageuka. "Bibi, mbona uso umelowa?"

"Makuti yanavuja."

Akatazama juu. Pakavu. Mimi niliyeyashona kwa mikono yangu, nikayasingizia.