Kichuguu cha Shimo la Nne

Gofu niliijua shingo upande. Miaka ile ya wakimbizi nilikuwa mkalimani wa mhandisi wa maji, Mskoti mmoja mrefu mwenye masikio mekundu. Kazi yangu ilikuwa kuyasema kwa Kihangaza na Kiswahili yale aliyoyasema kwa Kiingereza. Hakuna aliyeniambia kwamba Jumapili mchana nitatakiwa pia kumfuata mlimani kutafuta vipira kwenye majani. Nilikwenda kwa sababu kibarua kilikuwa kizuri na sikutaka kukipoteza, na hilo sioni haya kulisema.

Kilima chenyewe kilikuwa nyuma ya nyumba zetu za wafanyakazi, upande wa kwenda Kanazi. Miti yake ilikuwa imekwisha. Wakimbizi walioingia kutoka Rwanda kwa daraja la Rusumo walipaswa kupika, na huwezi kupika bila kuni. Yalibaki majani mafupi, yaliyoliwa na ng'ombe hadi kugusa udongo, na upepo wa kiangazi usiokoma. Sisi wenyeji tulipokitazama tuliona kilima kilichonyonyolewa kama kuku. Yeye aliona kwao. Alinieleza kwamba kwao gofu ya kweli huchezwa kando ya bahari, kwenye ardhi ya mchanga isiyofaa kulimwa, mahali ambapo upepo hauachi mti usimame. Kilichopungua hapa, alisema, ni bahari tu. Aliposema hivyo aligeuza uso kuupokea upepo, nami nikamhurumia kwa mara ya kwanza, kwa sababu hadi siku ile sikujua kwamba mtu mwenye gari na mshahara mnono naye hukumbuka nyumbani.

Akatengeneza mashimo matano. Katika kila shimo alifukia kopo la mafuta ya msaada, na bendera zilikuwa vipande vya turubai la buluu. Manne kati ya hayo yalikuwa mchezo wa kawaida. La nne ndilo lililomnyima raha.

Ulisimama juu mgongoni mwa kilima, na shimo, yaani njia nzima tangu unapopigia hadi kwenye kopo, uliliona lote chini yako, halikukuficha kitu. Kulia palikuwa na korongo. Kushoto palikuwa na migomba ya mama yangu. Katikati ulibaki ukanda mwembamba wa majani, na hatua chache kabla ya bendera, pale pale ambapo kila mtu angependa mpira wake uangukie, kilisimama kichuguu kirefu kama mtu mzima. Mipira ikikigonga ilirukia korongoni. Mhandisi alitukana kwa lugha yao, nami sikutafsiri kwa kuwa hapakuwa na wa kumtafsiria.

Siku moja aliniuliza kama kichuguu kile kina mwenyewe. Greda la barabara lingepita Jumamosi, na dereva wake alikuwa tayari kukisawazisha kwa dakika tano.

Nikamjibu, "Hakina mwenyewe, bwana mhandisi. Ni udongo tu."

Ulikuwa uongo. Kwetu majani ya kilima ni ya wote, lakini kichuguu kina mtu wake, maana mvua za kwanza zikinyesha hutoka kumbikumbi, na kumbikumbi ni kitoweo. Kile kilikuwa cha mama, naye alionyeshwa na mama mkwe wake. Mimi ni mtoto wake wa pekee, na kichwani mwangu nilikwisha kukihesabu kuwa changu. Nilitaka kumfurahisha bosi kwa kitu changu mwenyewe. Nilisahau, au nilijifanya kusahau, kwamba kichuguu hakirithiwi kama shamba. Ni mpaka mwenyewe akupeleke, mkizunguke pamoja, aseme mbele ya shahidi kwamba kuanzia leo ni chako. Mimi nilikuwa bado sijazungushwa.

Ijumaa jioni nilimwambia mama, tena kwa kujigamba. Alikuwa anamenya ndizi. Kisu kikasimama.

"Umetoa kitu ambacho si chako," alisema. "Na nusu yake hata mimi si yangu."

Hapo ndipo nilipojua. Palikuwa na mwanamke mmoja aliyekuja kutoka Rwanda peke yake, bila mume, bila mtoto, bila hata sufuria. Alilala kambini, na mchana alikuja kumsaidia mama kulima maharage, akarudi na ndizi. Mama hakuweza kumpa shamba. Mkimbizi hakuruhusiwa kumiliki ardhi. Basi akampeleka kwenye kichuguu, jirani akiwa shahidi, akamwonyesha nusu. Watu wanaokula kichuguu kimoja ni ndugu. Katika nchi yetu nzima, ile nusu ya kichuguu ndiyo mali pekee aliyokuwa nayo yule mwanamke, na mimi nilikuwa nimeigawa kwa ajili ya mchezo.

Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliona hasira. Nilimkasirikia mama kwa kutoniambia, na mwanamke yule kwa kuja, na Mskoti na vipira vyake. Hata hivyo, asubuhi na mapema nilikwenda kugonga mlango wa mhandisi, nikakiri kwamba nilimdanganya, na kwamba kichuguu kina wenyewe wawili. Nilijua naweza kuachishwa kazi pale pale. Masikio yake yalizidi wekundu. Hakunigombeza. Alivaa kofia na kusema, "Twende nikamsalimie mama yako."

Mama na yule mwanamke walikuwa wamekaa chini ya kichuguu, miguu wameinyoosha, kama watu wanaongoja greda.

"Shikamoo, mama," alisema mhandisi.

"Marahaba."

Akamgeukia mwanamke, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, akampa naye shikamoo. Ndivyo alivyokuwa, aliwaamkia hivyo hata watoto wa shule. Mwanamke aliziba mdomo kwa kanga, akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka.

Mhandisi aliniomba nimuulize nusu yake ni ipi. Mwanamke akainuka taratibu, akaburuta unyayo wake kwenye vumbi, kutoka jiwe fulani hadi upande wa korongo. "Kuanzia hapa," alisema. Mhandisi akavua kofia. Greda lilipofika alilipungia mkono lipite.

Kisha, kwa kuwa tulikuwa pale na fimbo zake zilikuwa garini, akapanda juu akacheza. Mpira wa kwanza kichuguu kikaupeleka korongoni. Wa pili vilevile. Mama alikuwa anamhesabia kwa sauti. Wa tatu akaupiga kidogo kidogo, kushoto, kando ya migomba, mapigo matatu ya kinyenyekevu, ukaingia. Akakaa kwenye majani akaniambia kwamba alikuwa karibu kuliharibu shimo bora kuliko yote aliyowahi kucheza, hata ya kwao.

Sikumwelewa mpaka nilipojifunza kupiga. Mashimo magumu yapo mengi. Mengi yake yanaonea tu. Lile halikuonea. Lilikuonyesha hatari yote kabla hujanyanyua fimbo, kisha likakuuliza wewe ni mtu wa namna gani. Mwenye kiburi lilimpa njia ya juu ya kichuguu, na siku ya upepo mzuri lilimpa kweli. Dhaifu kama mimi lilimpa njia ndefu ya migombani, nikafika kwa mapigo saba, lakini nikafika. Na bila kichuguu lingekuwa majani matupu, kila mtu anapiga moja kwa moja bila kufikiri. Sijaona mtengenezaji wa viwanja anayeweza kubuni kitu kama hicho. Anachoweza ni kukikuta na kukiacha.

Mvua zilipokuja, wanawake wale wawili walifunika kichuguu kwa majani ya mgomba, kila mmoja upande wake, wakakusanya kumbikumbi mabeseni mawili. Mhandisi alikaangiwa, akala, akasema ni watamu, na nadhani hakudanganya.

Halafu ikaja amri ya kuwarudisha Wanyarwanda kwao. Barabara ya Rusumo ilijaa watu siku baada ya siku. Mama alisimama kando yake siku tatu na mkungu wa ndizi, asimwone yule mwanamke. Hatukupata habari zake tena.

Miaka mingi baadaye, mama alipoona nguvu zinamwisha, alinishika mkono tukapanda kilimani, jirani akitufuata. Alinizungusha nusu tu, akasimama kwenye lile jiwe.

"Huku ni kwako," alisema.

"Na kule?"

"Kule kuna mwenyewe."

Mama amekwenda. Mvua za juzi niliinama upande wangu na beseni langu, nikakusanya. Upande wa pili walitoka wengi kuliko wangu, wakaruka wote, nami nikawaangalia mpaka wakaisha.