Maoni Yangu Kuhusu Saumu

Sauti ya ungo ndiyo inayoniharibia Jumamosi. Jirani yangu hapa Tarime mjini hupepeta wimbi, ulezi wake, asubuhi uani, na kutoka chumbani kwangu nazisikia zile punje zikirushwa na kuanguka, shaa, shaa, na makapi yake yanaingia mpaka ndani. Mtu mwingine angefunga dirisha. Mimi nakaa kitandani nasikiliza mpaka amalize, na chai inapoa.

Niko kwenye kundi moja la wasomaji la WhatsApp. Kila wiki mtu anauliza, jamani, mnasoma nini sasa hivi, na mnaonaje? Basi watu wanamwaga maoni. Huyu mhusika mjinga, yule mama hana huruma, mwandishi anazunguka mno. Nasoma yote, nacheka peke yangu, lakini yangu sitoi. Wameshanizoea, wananiita Msikilizaji. Sababu sijawahi kuwaambia, maana humo kuna watu wa ofisini kwetu. Nitawaambia ninyi.

Nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mama na mimi. Bibi yangu Wankuru hakujaliwa mtoto wa kiume, na binti zake walikuwa wameolewa mbali, kwa hiyo alifanya wanavyofanya wanawake wa kwetu wenye ng'ombe. Alimuoa mama yangu. Nyumba ntobhu, ndivyo tunavyoita. Alipeleka ng'ombe kwa wazazi wa mama, akamleta bintiye mtu nyumbani, na mtoto atakayezaliwa akawa wa boma la bibi. Mtoto mwenyewe ndiye mimi, Ghati. Mwanamume aliyenizaa simjui, na shuleni hakuna aliyenisumbua kwa hilo, kwa sababu wa namna yangu hatukuwa wachache. Bibi alitaka mvulana, akanipata mimi, akanipenda hivyo hivyo.

Nilipofika darasa la tano, mwalimu wetu wa Kiswahili alianza kutuazima vitabu vya kwenye kabati la ofisini. Changu hakikuwa na jalada, na kurasa za mwanzo zilikuwa zimeliwa na mchwa, ndiyo maana jina lake silijui mpaka leo. Sharti lake lilikuwa moja. Siku ya kurudisha kitabu unasimama mbele ya darasa na kutoa maoni. "Usinisimulie," mwalimu alisema. "Mimi nimekisoma. Niambie wewe unaonaje." Nilirudi nyumbani kichwa kimevimba kwa sifa. Mtu mzima alitaka kujua ninavyoona mimi.

Basi kila Jumapili tukitoka kanisani na kula, tulikaa uani nikasoma kwa sauti. Mama alipepeta wimbi, bibi aliokota mawe kwenye maharage. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha mnadani tu, cha kuuliza bei na kukataa bei, kwa hiyo kila ukurasa mama alimgeuzia Kikurya, tena kwa chumvi zake mwenyewe. Nilimjua mama kuwa mtu asiyesema sana. Kwenye kitabu alikuwa anasema.

Kilikuwa kitabu cha mwanamke mmoja anaitwa Saumu, mke wa mwenye duka katika mji fulani mkubwa, na alikuwa na binti, Pili, na mama mkwe aliyeishi nao. Saumu hakuipenda ile nyumba. Bibi hakutaka kwanza kusikia habari za kupenda. "Alitolewa ng'ombe ngapi?" aliuliza. Nikamwambia kitabu hakisemi. "Basi aliyeandika hajui kazi." Tuliendelea hivyo kurasa nyingi, na bibi akawa anangoja ng'ombe watokee. Kila sura ikiisha ananiuliza kama wameshatajwa, na mama anainamisha uso kwenye ungo ili asionekane akicheka. Mpaka sasa nikikutana na kitabu kisicho na ng'ombe hata mmoja, namsikia bibi akilalamika.

Siku hizo kulikuwa na mwanamume aliyezoea kuja nyumbani. Bibi alimpa kiti cha mgongo na maziwa ya mgando, akamsifia kwa sauti, na mama akashika jembe akaenda shambani hata kama jua linachoma. Mimi nilidhani ni mnunuzi wa ng'ombe, na kwamba mama hataki tuuze.

Tukafika kwenye sura ambayo Saumu amefunga mzigo wake, amesimama mlangoni, anamtazama Pili akiwa amelala. Mwandishi alimsimamisha pale ukurasa mzima. Bibi alichoka naye. "Kama anaenda, aende," alisema. "Lakini mtoto anabaki. Mtoto ni wa boma, haendi popote." Alisema hivyo bila hasira, kama mtu anayesema mvua ikinyesha udongo unalowa.

Mama aliacha kupepeta. Aliweka ungo magotini, akanitazama.

"Na wewe Ghati, unaonaje?" aliuliza. "Huyo Pili akiachwa, itakuwaje?"

Msinicheke. Nilisimama. Nilijipangusa vumbi magotini, nikafunga kitabu na kidole ndani, nikajibu kama nilivyokuwa nikijizoeza kwa ajili ya darasa. "Kwa maoni yangu, Pili atakuwa sawa. Ameshakuwa mkubwa, anajua kupika, na bibi yake anampenda. Atalia kidogo, halafu atazoea."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika. Saumu aende tu, asiwe na wasiwasi."

Bibi akacheka, akasema huyu mtoto atakuwa hakimu. Mama hakucheka. Aliitikia kwa kichwa, polepole, akachukua ungo wake akaendelea. Nilifurahi kwamba jibu langu limemridhisha.

Wiki ile mama alinifulia sare katikati ya wiki, wakati kwa kawaida tulifua Jumamosi. Siku ya gulio alinipa uji wenye maziwa mengi, akanipaka mafuta miguuni mwenyewe, jambo ambalo umri wake nilikuwa nimeshaupita, nikawa najikunyata kwa aibu. Kisha alifunga mkungu wa ndizi nyuma ya bodaboda, akapanda, akaniambia, "Mboga iko chunguni. Usimwache bibi alale bila kula." Nikamwambia sawa mama, nikakimbilia shule kwa sababu kengele ilikuwa inagongwa.

Hakurudi. Jioni bibi alikaa njiani akiwauliza waliotoka gulioni. Kesho yake akatuma watu kwao mama, na huko nako hawakuwa na habari. Baadaye mtu akasema amemwona Sirari, anavuka mpaka na kifurushi. Nililia mpaka mwalimu akanirudisha nyumbani. Nililia jikoni, nililia kisimani, nililia nikipika ugali ambao kweli nilijua kuupika. Wala sikuzoea.

Kitabu nilikitupa darini. Ni bibi aliyekiomba. Jumapili moja alileta kigoda uani, akakaa bila maharage mapajani, akasema, "Kilete kile kitabu. Soma tujue kama alirudi." Ungo ulikuwa umeegemea ukuta. Nikasoma, na safari hii Kikurya nilikigeuza mimi, vibaya vibaya.

Saumu hakurudi. Kurasa za mwisho yuko kwenye mji mwingine, anashona nguo za watu, na kitabu kinaishia hapo. Niliisoma kimya ile sehemu. Bibi alikuwa ananitazama midomo. Nikamwambia amerudi. Nikamwambia amekuja mchana, ana mkungu wa ndizi kichwani, na Pili amemkimbilia.

"Na huyo mama mkwe?" bibi akauliza. "Alimfungulia?"

"Alimfungulia."

"Hakumgombeza?"

"Hapana, bibi. Alimpa maziwa."

Bibi akasema afadhali. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaniambia nikaangalie moto. Yule mwanamume wa kiti cha mgongo hakukanyaga tena kwetu, na mimi nilipokuwa mkubwa ndipo nilipojua kwamba bibi alikuwa amemchagua ili mama azae mvulana, na kwamba mama alikuwa amekataa kwa njia zote alizokuwa nazo.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Msibani alikuja mama mdogo, mdogo wake mama, kutoka upande wa Kenya. Sikuwa namfahamu. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono bila kuitikia, akaniketisha pembeni chini ya mgomba. Aliniambia mama alikuwa ameishi Migori akiuza mboga, akaugua, na walikuwa wamemzika kabla ya masika. Kisha akaniambia jambo alilodhani litanifariji.

"Kila mara nilimwambia, rudi hata usiku umwone mtoto wako. Alikataa. Alisema wewe mwenyewe ulimruhusu. Alikuuliza kabla hajaondoka, ukasimama wima, ukamwambia aende tu, asiwe na wasiwasi, utakuwa sawa. Alilisema hilo mpaka mwisho. Lilimsaidia sana, Ghati."

Nilimshukuru, nikaenda kuchota maji ya wageni.

Nimekuwa mtu mzima sasa, na simlaumu yule mtoto wa darasa la tano. Aliulizwa kuhusu mtoto wa kitabuni, akajibu vizuri, na siku alipokirudisha kitabu mwalimu alimpigia makofi kwa maoni hayo hayo. Mama pia simlaumu. Katika boma lile, aliyetolewa ng'ombe hakuwa na mahali pa kusema nataka kuondoka, wala pa kuniuliza kama nitaweza, na tulipopata kitabu alipata mahali. Aliniuliza ndani ya kitabu, akaaga ndani ya kitabu, na mimi nilikuwa pale nageuza kurasa.

Ila nilikuwa nazungumzia Pili. Angeniuliza kuhusu Ghati, ningemshika gauni, ningemwambia asiende.